Kibaba kwanza, "asili" baadaye: kwa mnaoanza kuandika mapishi ya Pwani

Rasimu za waandishi wapya wa historia ya mapishi ya Pwani zinafanana mno, hata mhariri anaweza kuzimalizia akiwa usingizini. Sentensi ya kwanza ni "Tangu enzi na enzi". Ya pili ina neno "asili" mara mbili. Ya tatu inamleta bibi, na bibi huyo hakosei kamwe. Kufika aya ya nne kuna "vikombe vitatu vya mchele", na kikombe hicho hakuna anayejua ukubwa wake, hata bibi. Wadogo zetu, tunawapenda, na tunafurahi kuona bado kuna vijana wanaotaka kazi hii isiyo na hela. Lakini makosa ni yale yale, na mengine yana umri mkubwa kuliko nyinyi. Kwa hiyo haya yafuatayo yameandikwa kwa ukali kidogo, mtuwie radhi.

1. Sahani moja ina tarehe nyingi.

Chukueni urojo wa Unguja. Viazi mviringo, chipsi za muhogo na pilipili ni mazao ya Amerika, hivyo hakuna hata kimoja kilichoweza kuwapo Pwani kabla ya Wareno kupita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na baada ya hapo havikuzoeleka kwa siku moja. Embe na manjano vimetoka Asia. Mkwaju ni mti wa Afrika. Ukiandika kwamba urojo una miaka elfu, bakuli lenyewe litakukana.

Orodha ya mazao ya Amerika iwe kichwani: mahindi, muhogo, viazi vyote viwili (vitamu na mviringo), nyanya, karanga, korosho, nanasi, papai, mapera, mastafeli, na pilipili zote isipokuwa pilipili manga. Hapo kwenye pilipili ndipo wengi wanapoanguka. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331 akakirimiwa wali wa samli uliopakuliwa kwenye sahani kubwa ya mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyoandamana na malimau ya achari, pilipili ya kuloweka kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mwandishi mpya akisoma hapo anaona pilipili mbuzi, anaruka kwa furaha. Tulia. Mwaka ule pilipili mbuzi haikuwa imevuka bahari ya Atlantiki. Ile ni ya ukoo wa pilipili manga.

Karafuu nayo ina mtego wake, tena wenye pande mbili. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikasambaa kwa amri ya Sultani Sayyid Said. Anayesema pilau ya Zanzibar ina karafuu "tangu mashamba ya kale" amekosea. Lakini anayeruka upande wa pili na kusema hakuna aliyeijua karafuu Pwani kabla ya hapo amekosea vilevile, kwa sababu karafuu kavu husafiri jahazini bila mti wake. Tarehe ya shamba na tarehe ya kiungo ni vitu viwili. Andikeni mnayoijua, na mseme ni ipi.

Na wali? Wali tunauona wa tangu na tangu. Wachimbaji wa mambo ya kale kule Pemba wamekuta kwamba Tumbe, iliyokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, ilikula zaidi uwele, na mpunga ukaja kushika nafasi ya juu Chwaka ya huko huko Pemba, kuanzia karne ya 11. Kabla ya kuandika "Mswahili na wali", kumbukeni mkate wa mofa wa mtama. Nafaka za Kiafrika zilitangulia mezani, na bado hazijaondoka.

2. Kibaba.

Hili ndilo kosa lenye maumivu, kwa sababu halionekani mpaka mtu apike. Ukikosea karne, msomaji mmoja mjuzi atakuandikia barua. Ukikosea kibaba, kile kipimo cha ujazo cha zamani, mtu atapikia wageni wa hitima kwa kitabu chako.

Hesabu yenyewe wengi mnaijua: vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, kwa hiyo pishi ni vibaba 4, pishi 60 ni jizla. Frasila ni habari nyingine, hiyo ni uzito: ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza pale mwandishi anapotaka kugeuza kibaba kuwa gramu, akafungua kamusi na vitabu vya zamani, akakuta majibu mawili: kibaba ni kama painti moja, na kibaba ni kama ratili moja na nusu ya nafaka. Anachagua moja. Au, mbaya zaidi, anatumia yote mawili ndani ya mapishi yale yale.

Haya, pimeni. Painti ya Kiingereza ni mililita 568. Jazeni mchele mkavu kwenye chombo cha ukubwa huo, futeni juu kwa kisu, wekeni kwenye mizani. Mtapata gramu 450 hadi 500, kutegemea mchele. Ratili moja na nusu ni gramu 680. Pana pengo la karibu gramu 200 katika kibaba kimoja, na katika pishi moja pengo linakaribia gramu 800. Kwa upande mmoja pishi ya mchele ni kilo 1.9 hivi, kwa upande mwingine kilo 2.7. Hiyo ni tofauti ya kulisha watu 15 au kulisha 20.

Pengo hilo lina jina, nalo wapimaji wote wa zamani walilijua: tele na mfuto. Kibaba cha mfuto kimefutwa sawa na mdomo wa chombo. Kibaba cha tele kimejazwa mpaka nafaka imesimama kichuguu. Na kichuguu hicho hakina ukubwa mmoja. Kinategemea upana wa mdomo. Chombo cha painti moja chenye mdomo wa sentimita 10 kikijazwa tele kinabeba ziada ya mililita 80 hivi. Chombo cha painti ile ile, lakini kifupi na kipana, mdomo sentimita 14, kinabeba ziada ya zaidi ya mililita 200. Mchele ukijazwa tele kwenye hicho cha pili unaingia kwenye ratili moja na nusu bila taabu. Kwa hiyo vitabu vya zamani havikupingana hata kidogo. Kimoja kimepima chombo, kingine kimepima mchele uliokuwa juu ya chombo. Biashara nzima ya nafaka ilikaa juu ya kichuguu hicho: muuzaji anataka mfuto, mnunuzi anataka tele, na posho ya mpagazi ya kibaba kwa siku ilinenepa au kukonda kwa mkono wa mpimaji.

Sasa tazameni linavyoharibika jikoni. Tuseme umepewa mapishi haya: mchele pishi moja, maji na tui kwa pamoja vibaba sita. Mwandishi mpya anageuza mchele kwa ratili (kilo 2.7), kwa sababu nafaka "hupimwa kwa uzito", na anageuza maji kwa painti (lita 3.4), kwa sababu maji "hupimwa kwa ujazo". Kila hatua ina mantiki yake. Matokeo: mchele una ujazo wa lita 3.2 na unapewa maji lita 3.4. Yaani uwiano wa moja kwa moja, na kidogo ya kunawia. Wali unatoka na kiini, mpishi anaongeza maji katikati, juu unabaki mbichi na chini unakuwa bokoboko. Angegeuza vyote kwa mfuto angepata mchele lita 2.3 kwa maji lita 3.4, uwiano wa moja kwa moja na nusu, ambao kwa mchele wa kawaida, mfuniko uliobana na moto wa kupalia (makaa juu ya mfuniko), unakubali.

Maji hayana tele. Likalieni hilo. Hakuna mpishi duniani aliyewahi kujaza kibaba cha maji kikasimama kichuguu. Kwa hiyo katika mapishi yoyote ya zamani yanayotaja kipimo kimoja kwa mchele na kwa maji, maji ndiyo shahidi wenu. Pigeni hesabu ya uwiano kwa mfuto, kisha pigeni kwa tele. Ule unaotoa wali unaolika ndio uliokusudiwa, isipokuwa kama msimulizi amesahau kutaja tui la pili, na hilo hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mpishi mzoefu halihesabu tui jepesi kuwa kiungo. Kwake ni maji tu.

Mtego huu haujafa na pishi. Umehamia kwenye kopo, gorogoro, kisado na debe. Debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni 4, kama lita 18. Mahindi yakipimwa kwa debe yanatiwa kichuguu vilevile, na ndiyo maana wakulima bado wanagombana na madalali. Ukikuta debe katika simulizi inayodaiwa kuwa ya enzi za kabla ya mafuta ya taa kuingia kwa makopo, ujue msimulizi amebadilisha kipimo njiani. Hajadanganya, amekurahisishia. Andika alivyosema, kisha andika pembeni kwamba kipimo ni cha baadaye.

3. Mwacheni apike.

Mpishi hodari akiulizwa mapishi kwa mdomo atakupa mapishi ya mdomo. Mwambie apike, wewe kaa na mizani. Usimshike mkono kila anapochota, utamkera na atapika kama mtu aliye mahakamani. Pima chombo kizima kabla hajaanza: gunia la mchele, kopo la chumvi, chupa ya samli, bakuli la vitunguu vilivyomenywa. Akimaliza, pima tena. Tofauti ndiyo iliyoingia chunguni. Kwa bizari, hiliki na karafuu unahitaji mizani inayosoma gramu moja au chini ya hapo. Mizani ya jikoni ya kilo 5 hukaa kimya ukiiwekea karafuu sita.

Chombo chake cha kupimia kipimwe pia. Kijaze maji, toa uzito wa chombo kitupu, na gramu ndizo mililita. Pima upana wa mdomo. Kisha uliza swali lenu la kwanza daima: tele au mfuto?

Nazi zisihesabiwe tu. "Nazi mbili" za mnazi mfupi na "nazi mbili" za mnazi mrefu zinapishana vibaya. Pima nazi iliyokwisha kukunwa, pima maji aliyoyatumia kuchujia tui zito, pima aliyochujia tui jepesi, na pima machicha yanayobaki kwenye kifumbu ikiwezekana. Andika sufuria au chungu, upana wake, kina chake, mkaa au kuni au gesi, na kama makaa yaliwekwa juu ya mfuniko. Kupalia hakuandikwi na mtu yeyote, kwa sababu kila mpishi anaona ni kama kupumua. Halafu msomaji wa ghorofani anapika wali wa nazi kwenye gesi kwa mapishi yako na kulalamika kwamba juu hauivi.

Muda upimwe kwa saa, lakini andika pia ishara anayoifuata yeye: vitunguu vimegeuka rangi gani, tui limeanza kukatika au bado, harufu imebadilika lini. Saa yako ni ya moto ule tu.

4. Bizari.

Ukiandika "bizari" peke yake umeandika hewa. Iko bizari ya pilau, iko bizari nzima, iko binzari nyembamba, iko ya manjano, iko ya mchuzi iliyochanganywa dukani, na jina hubadilika ukivuka mkondo wa bahari. Omba kijiko kimoja, tia kwenye mfuko, andika jina na mahali.

5. Mwaka wa kuchapwa si mwaka wa kuona.

Burton, msafiri Mwingereza, anatajwa sana: "mwaka 1872 Zanzibar ilikuwa hivi". Kitabu chake kilitoka 1872, sawa, lakini alichokiona alikiona miaka ya 1850 akiwa njiani kwenda na kurudi kutoka bara. Hapa si uchokozi wa wasomi. Mwezi Aprili 1872 tufani iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyonusurika ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Ukimweka Burton mwaka 1872 umemfanya shahidi wa shamba ambalo lilikwisha lala chini.

Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliondoka Unguja mwaka 1866. Kumbukumbu zake zikachapwa Ujerumani mwaka 1886. Kati ya mlo na wino kuna miaka 20 na majira mengi ya baridi. Tena jiko lake ni jiko la jumba la Mtoni. Haliwezi kusimama badala ya jiko la mvuvi wa Nungwi, na yeye hakudai hivyo. Ni nyinyi mnaodai. Kamusi ya Kiswahili ya mmishonari Krapf ina mwaka 1882 juu ya jalada, lakini Krapf alifika Mombasa 1844, na maneno mengi ya vyakula mnayoyakuta humo ni ya Kimvita cha katikati ya karne.

Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye hazina yetu, na ndiye anayeonewa kuliko wote. Maandishi yake yaliyotolewa na Mjerumani Velten mwaka 1903 yanaeleza desturi za Mrima, maeneo ya Bagamoyo. Mtu anayachukua, anayabandika Lamu, anapata "harusi ya Kiswahili". Lamu ina mambo yake. Ngazija ina yake. Hata asubuhi ya mahamri na mbaazi za nazi ya Mombasa huwezi kuihamisha tu mpaka Kilwa kwa sababu miji yote miwili ina minazi.

Na Ibn Battuta huyo huyo: Mombasa alilala usiku mmoja. Alisema chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka nje. Ni ushahidi mzuri sana, wa usiku mmoja.

6. Tumieni Ramadhani kuhesabu miaka.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka, wanakumbuka futari. Hilo ni jambo zuri. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kizungu na huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Ukimuuliza "ilikuwa Ramadhani ya embe au ya masika?" umeshapunguza uwanja. Changanyeni na tukio kubwa: Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya mfungo, kwa hiyo "Ramadhani ya Mapinduzi" ni Januari na Februari za mwaka huo. Tahadhari moja: mfungo ulirudi kuanza Januari mwaka 1996 na 1997. Msimulizi akisema Januari bila tukio, muulize alikuwa na watoto wangapi.

7. Ulizeni njaa.

Kila mtu anasimulia pilau ya harusi. Hakuna anayejitolea kusimulia unga wa yanga. Miaka ya 1970 na 1980 unga ule wa mahindi ya njano ulilisha nyumba nyingi za Tanzania, na ladha yake bado inatajwa kwa kukunja uso, lakini kwenye rasimu zenu haupo. Haupo kwa sababu mmeuliza "vyakula vyenu vya asili ni vipi?" na mama wa watu akawapa alivyoona vinawastahili wageni. Ulizeni hivi: mchele ulipokosekana mlipika nini? Foleni ilikuwa wapi? Sukari ikikosekana, chai mlitilia nini? Na msiulize mbele ya wakwe.

8. Ya haraka haraka.

Andika mahali alipozaliwa mpishi, alipoolewa, na aliyemfundisha. Mapishi husafiri na bibi harusi kuliko na jahazi. Picha ya chakula iwe na kijiko au sarafu pembeni. Jaribuni kila mapishi mara tatu, na mara moja kati ya hizo apike mtu asiyejua kupika. Neno "asili" lifutwe, kisha muone kama sentensi imepungukiwa chochote. Kinasa sauti kikae mbali na kinu. Kitabu cha mapishi hakitawalipia kodi ya nyumba, kwa hiyo msiache kazi.

9. Jina la mpishi.

Muulize kabla ya kuwasha kinasa sauti, si baada ya kula. Mweleze kitachapwa wapi na kwamba watu watamtafuta. Bei ya mchele, nazi, mkaa na siku yake nzima ulipe wewe. Kuleta mizani si mchango. Rasimu ikiwa tayari, rudi umsomee mbele ya jiko lake, mstari kwa mstari, pamoja na gramu zote, na umwachie afute. Akitaka jina lake lionekane, liandikwe kamili juu ya mapishi, si kwenye ukurasa wa shukrani. Akikataa, andika mji na mwongo aliozaliwa tu, jina libaki kwenye daftari, na daftari lifungiwe kabatini.